Sindano Bado Anacheza Kwetu

4 Novemba

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua. Najua una simu na mimi ninayo, lakini nyumba hii unaijua: ukuta wa mbao kati ya sebule na chumba changu, na Baba ana masikio yanayomsikia mtu akimeza mate barabarani. Ninalotaka kukuambia hatakiwi kulisikia. Kwa hiyo kaa chini usome.

Wamemtoa Sindano. Nahodha wetu wa mpira wa kikapu wamembadilisha kama mtu anayebadilisha tairi, tena wamempeleka timu ya huko huko mjini kwako. Sisi tumepewa jitu moja refu linaloitwa Mnara, pamoja na kijana wa kudunda mpira ambaye hata jezi inampwaya. Habari ilitoka asubuhi nikiwa nimelala chali nyuma ya jokofu la duka la dawa. Muuzaji akanisomea kwenye simu yake. Nilimwambia anasoma uongo, akanigeuzia kioo nijionee. Nilikaa pale chini na bisibisi mkononi kama mtu aliyefiwa, hadi akaniuliza kama jokofu limenishinda.

Wewe nijibu kama shabiki. Timu inamtoaje mtu aliyeibeba mgongoni, aliyekataa kuondoka wakati mishahara ilichelewa, ambaye watoto wa mtaa mzima wamechora namba yake kwenye fulana kwa kalamu? Mimi nasema tumeuza roho tukanunua mwili.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Baba ndiyo kwanza ametoka hospitali. Daktari alinivuta pembeni akaniambia moyo wa mzee umechoka, asishtuliwe, asibishane na watu, wageni wapunguzwe. Jumamosi ikaja mechi. Nikawasha televisheni, nikazima sauti kama kawaida, maana unajua hamtaki yule mtangazaji anayemwita kasuku. Nikavuta kigoda karibu na kitanda nimsimulie. Wewe ulikuwa fundi wa kazi hii ya kuwa macho yake kuliko mimi, hilo nalikubali bila kubishana, lakini tangu uondoke imebaki yangu. Baba akauliza swali lake la kila mechi: “Sindano ameanza?”

Nikasema ameanza.

Neno lilitoka lenyewe. Baada ya hapo ilibidi nimchezeshe hadi kipenga cha mwisho. Nikampa pointi kumi na nne, zisizidi sana asije akachangamka. Baba alilala akiwa anatabasamu. Mimi sikulala vizuri.

Niambie nifanyeje.

Kaka yako


13 Novemba

Kaka,

Nimesoma barua yako nimekaa juu ya fungu la mashuka, mashine ya kupigia pasi ikinguruma nyuma yangu. Msimamizi wa dobi akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia bado.

Umeniuliza kama shabiki, nakujibu kama shabiki, na usininunie. Biashara hii ni nzuri. Tumepigwa chini ya kikapu misimu mingapi? Kila timu yenye mtu mrefu inatugeuza ngazi. Mpira ukigonga chuma ukirudi, sisi tunautazama tu. Mnara ataudaka. Na yule kijana unayemcheka jezi nilimwona msimu uliopita akicheza dhidi ya timu ya huku. Ana mkono mtulivu, hapotezi mpira ovyo. Sindano nampenda, usinifundishe kumpenda, lakini goti lake la kulia limekwisha na mwenye timu analijua. Wamemtoa wakati bado ana bei. Kukaa naye mwaka mmoja zaidi ingekuwa kumsubiri mgonjwa.

Unasema tumeuza roho. Roho haidaki rebaundi, Kaka.

Ya Baba sasa. Mwambie. Hata kesho, akishakunywa chai. Mwambie polepole, mshike mkono, umweleze na tulichopata. Usipomwambia wewe ataambiwa na mtu mwingine mahali pasipofaa. Zaidi ya hapo, Baba hana njia nyingine ya kuujua uwanja ule zaidi ya mdomo wako. Mimi nilipokuwa namsimulia nilikuwa naogopa hata kumpunguzia mtu pointi moja. Nilihisi kama nashika fimbo yake na kumwongoza barabarani.

Unasema moyo wake umechoka. Nami naogopa, siwezi kusema siogopi. Lakini mwambie.

Mdogo wako


28 Novemba

Mdogo wangu,

Sijamwambia. Punguza hasira kwanza, kisha uendelee kusoma.

Nilijaribu. Nilimpelekea chai, nikakaa, nikasema Baba kuna jambo. Akanigeuzia uso, ule uso unaotafuta sauti ilipo, na midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Nikamwambia bei ya gesi imepanda.

Tangu hapo nimezama hadi shingoni. Redio nimeihamishia karakana, nikamwambia imeungua nyaya. Wageni nawasimamisha mlangoni, nawaambia daktari kakataza habari za mpira, nao wanatii kwa sababu wanamwogopa daktari kuliko mimi. Na kwenye mechi nimepata njia rahisi: kila anachofanya Mnara, nasema amefanya Sindano. Hivyo hesabu ya pointi inakuwa sawa, sihitaji kubuni matokeo. Sikufikiria mbali zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba Baba anafikiria. Unamjua. Mechi ya pili aliniuliza kwa nini Sindano siku hizi anafungia karibu na kikapu. Nikajiumauma. Mechi ya tatu akaniambia nisijibu, yeye ameshaelewa. Ametengeneza nadharia nzima. Anasema Sindano ameona miguu inamsaliti, akaacha kukimbia, akajifunza kutumia mgongo na makalio chini ya kikapu kama wazee wenye akili. Anasema hajawahi kusikia mchezaji aliyejigeuza hivyo katika umri ule. Anakula vizuri, anakaa wima kitandani. Jana alinionyesha kwa mabega yake jinsi Sindano anavyomsukuma mtu nyuma, bila kujua kwamba anamwigiza Mnara. Nilicheka, kisha nikaenda nje nikasimama karibu na pipa la maji hadi nilipotulia.

Nakuomba kitu. Wewe uko kwenye mji anaochezea. Nenda ukumbini ukamwangalie, uniandikie anavyocheza kwa kweli: anavyoshika mpira, anavyopumua, anamwambia nini mwamuzi. Nataka kumrudisha taratibu kwenye mchezo wake mwenyewe, ili siku nikimwambia Baba ukweli, uwe umebaki uongo wa jezi tu.

Kaka yako


10 Desemba

Kaka,

Nimekasirika, na nimekwenda. Yote mawili.

Nilipanda juu kabisa, viti vya bei ya chini. Walipomtaja Sindano na jezi ya rangi nyingine, watu wa huku walipiga makofi ya adabu tu, kama unavyompigia makofi mgeni wa heshima. Nikajisikia vibaya. Halafu mpira ukaanza, na mdomo wangu ukaanza pamoja nao. Nilikuwa nasimulia, Kaka, kwa sauti. Anapokea upande wa kushoto, anatazama chini, anamwita mwenzake kwa kidole. Mama mmoja kando yangu akaniuliza naongea na nani. Ndipo nikagundua nilikuwa nimegeukia kiti cha upande wa pili, kama vile Baba amekaa pale, na kilikuwa kitupu. Nililia mbele za watu, na sikujali.

Nilijua kwamba nikikuandikia haya nimeingia kwenye njama yako. Nimeingia. Mpe Baba hivi: amenyoa ndevu. Anaanza polepole, robo ya kwanza halengi kikapu kabisa, anagawa mpira tu. Akichezewa vibaya halalamiki tena, anamtazama mwamuzi anatikisa kichwa. Goti amelifunga bandeji nyeusi. Alifunga pointi tatu kutoka kona ile ile anayoipenda, na baada ya kufunga alirudi nyuma akiwa ameinua mkono, kama zamani.

Mpe hayo. Lakini mkataba wetu uwe huu: Baba akianza kutembea, unamwambia kabla hajavuka kizingiti cha mlango. Niahidi.

Mdogo wako


19 Januari

Mdogo wangu,

Niliahidi, na sikutimiza. Nakueleza ilivyokuwa, usinikatize.

Baba aliamka na nguvu. Akasema nywele zimemfikia masikioni, anataka kwenda kwa Kinyozi. Nilijua hapo ndipo pa kusema. Nikamvisha viatu nikiwa nimeyapanga maneno, na wakati huohuo mteja akapiga simu, chumba chake cha baridi kimezima, nyama inaharibika. Nikamwongoza Baba hadi kibandani, nikamkalisha, nikamnong'oneza Kinyozi asizungumze habari za timu. Kinyozi akaitikia. Nikakimbia.

Sikumkataza Baba mwenyewe kuzungumza. Ningemkatazaje?

Haya mengine nimeyapata kwa Kinyozi. Kibanda kilikuwa kimejaa. Baba alikuwa na furaha ya mtu aliyefungiwa ndani muda mrefu. Akawaambia wote kwamba wanamlaumu kocha bure, hawaoni kazi anayofanya Sindano chini ya kikapu. Akaanza kuwaeleza nadharia yake, mgongo, makalio, mabega, shuka ikiwa shingoni. Watu wakacheka wakidhani anatania. Naye akachangamka zaidi, akasimama awaonyeshe. Kicheko kikapungua kikakatika. Mtu mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, akasema: “Mzee, Sindano hayupo tena. Walimpeleka kule tangu Novemba.”

Kinyozi anasema Baba alibaki amesimama na mabega yake vilevile, kisha akatafuta kiti kwa mkono, na mkono haukukipata. Ikabidi ashikwe kama mtoto. Akasema amaliziwe kunyolewa.

Nilimkuta nyumbani amekaa kitandani na kofia kichwani. Nilipiga magoti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza maswali kama anayeandikisha mtu kazini. Anayefunga chini ya kikapu anaitwa nani? Ana urefu gani? Anatumia mkono upi? Nilijibu yote. Akauliza kama redio kweli iliungua. Nikasema haikuungua. Akasema, “Ahaa,” akajilaza akanigeuzia mgongo.

Moyo wake haukupasuka, mdogo wangu. Ule mshtuko niliomlinda nao miezi yote hii umempata mbele za watu, na yuko hai. Jumamosi nilivuta kigoda, nikakaa, nikafungua mdomo. Akaniambia: “Weka sauti. Mwache kasuku aseme.”

Mechi nzima nilikaa pale mikono mapajani.

Kaka yako


27 Januari

Kwa binti yangu,

Anayeandika ni Kinyozi, kibandani kwake, wateja wanangoja nje. Maneno ni yangu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asirembe.

Nimeambiwa kwamba nawe ulikuwamo. Zile ndevu alizonyoa Sindano, na ile bandeji nyeusi, zilitoka kwako. Nilizitambua. Kaka yako hajawahi kuona bandeji mahali popote, yeye huona pointi tu. Nilijiambia kijana amejifunza kazi hatimaye. Kumbe ulikuwa wewe, na nilifurahi bila kujua namfurahia nani.

Tuanze na mpira, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na mimi ni shabiki wa timu hii tangu ukumbi ukiwa wa mabati. Biashara ile nzuri. Mchezaji wa mbio akifika umri wa Sindano miguu inaanza kumwibia hatua, na msimu uliopita wewe mwenyewe uliniambia anashika goti akidhani haonwi. Nilikuwa nangoja wamtoe. Nilitaka wapate mtu wa kudaka mipira, wakampata. Ningekuwa mwenye timu ningefanya hivyo hivyo, labda ningedai na mchezaji mmoja wa akiba. Ningehuzunika jioni moja, ningekataa chakula, asubuhi ningeuliza Mnara anatumia mkono upi. Ndivyo ushabiki ulivyo. Wachezaji wanaondoka, mtu anabaki na timu yake.

Mlidhani hilo litaniua. Nilichomelea vyuma hadi siku macho yalipozima, nikamzika mama yenu bila kuuona uso wake, na nyinyi mkaona nitashindwa kubeba habari ya mtu kuhama timu.

Sikiliza, binti yangu. Mimi ni kipofu. Kaka yako ananiambia vidonge hivi ni vya asubuhi, navimeza. Ananiambia barabara iko wazi, navuka. Siku hizi akiniambia nje hakuna mvua, natoa mkono dirishani kwanza. Sifanyi kwa hasira. Mkono unatoka wenyewe. Hapo ndipo mlipoumiza, na sijui panaponaje.

Simchukii. Ananipikia, ananiosha, usiku nasikia anakuja mlangoni kusikiliza kama napumua. Yule kasuku hapendi mtu, anapiga kelele tu, lakini ana watu elfu wanaoona anachokiona. Akisema uongo watamzomea. Kaka yako angezomewa na nani?

Kula vizuri. Mashine za pasi zisikuunguze.

Baba yako

(Mimi Kinyozi nakusalimu. Hakusema kwa ukali. Alisema polepole na alinifanya nimsomee mara mbili.)


8 Februari

Kaka,

Barua ya Baba imenifikia. Nimeisoma chooni kazini, mahali pekee penye mlango. Sina utetezi. Nilikuambia umwambie, kisha nikakupa ndevu na bandeji.

Nimemwandikia na yeye, iko ndani ya bahasha hii. Msomee wewe. Najua angeweza kumpa Kinyozi, na akitaka afanye hivyo. Lakini mwulize kwanza kama atakubali wewe umsomee, na akikubali usiruke hata neno, hata pale niliposema wewe ni mwoga na mimi ni mwoga zaidi.

Timu ya huku inakuja kucheza kwenu mwisho wa mwezi. Sindano atakuwepo. Ruhusa sijapata, nitaangalia kwenye televisheni ya wafanyakazi. Utakaa kigodani?

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea. Alikubali. Pale pa uoga alisema, “Rudia hapo,” nikarudia. Kisha akaomba maji.

Mechi umeiona, lakini nakusimulia ya chumbani.

Nilikaa kigodani kama wiki zote, kimya, kasuku akipayuka. Sindano alipotajwa ukumbi mzima ulisimama. Baba alisikia, akavua kofia, akaiweka mapajani. Robo tatu zilikwenda sawa kwa sawa. Mnara wetu alidaka kila kitu, na nilimwona Baba akitikisa kichwa kila jina lake lilipotajwa, kama mtu anayekagua mzigo aliouagiza. Halafu Sindano akapata mpira kwenye ile kona yake. Ukaingia. Ukumbi ukazizima, kisha nikasikia kelele nyingine, ya watu wetu, kelele isiyoeleweka.

Kasuku akasema Sindano anawasalimia mashabiki wake wa zamani.

Baba aligeuza uso kunitafuta. Tangu siku ya kibandani hakuwahi kuniuliza kitu kuhusu mpira. Akasema, “Anasema anatusalimia. Ni kweli?”

Ulikuwa uongo uliokwisha kupikwa, wala si mimi niliyeupika. Ningeitikia tu, yangekwisha. Na yeye ana kofia mapajani kwa ajili ya mtu yule. Nilitamani sana kuitikia, sikufichi.

Nikamwambia: “Hapana, Baba. Amepiga kifua, na ameweka kidole mdomoni. Anatuambia tunyamaze.”

“Anacheka?”

“Anacheka.”

Aliinamisha kichwa. Nilidhani nimemvunja. Vidole vyake vilikuwa vinazunguka ukingo wa kofia, vikazunguka, kasuku akaendelea na yake, matangazo yakaingia yakatoka. Niliogopa kuliko siku ile daktari aliponivuta pembeni. Kisha akaivaa kofia, akanisogelea upande wa kitanda uliokuwa karibu na kigoda.

“Haya,” akasema. “Endelea.”

Kaka yako